Sikudhani Mbele ya Baraza la Majina

Waliowahi kufika nchi ya Pambizo husimulia mengi, lakini njia ya kufikia huko hawaisimulii, nasi tutawafuata katika hilo. Itoshe kusema kwamba watu wawili kutoka Morogoro waliingia nchi hiyo Jumatatu moja asubuhi, kwa mwaliko wa serikali, na kwamba mmoja wao alikuwa na wivu uliomkaa kifuani kama mfupa wa samaki kooni.

Mwenye wivu aliitwa Sikudhani Mzeru. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mhariri wa kujitegemea, na kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na tisa kwenye meza ya chakula nyumbani kwake. Waandishi walimjia na miswada iliyovimba, naye aliisoma, akaikata, akaipanga upya. Waliotaka kuacha aliwapigia simu kila wiki mpaka wakaona aibu kuacha. Waliokataliwa na wachapishaji aliwachemshia chai ya tangawizi, akawaambia waanze upya kesho. Vitabu ishirini na saba vilitoka kwenye meza ile, na jina lake halikuwamo kwenye jalada la hata kimoja. Yeye mwenyewe alikuwa na sura tatu za riwaya yake, zimo kwenye droo, na ya nne haikuwahi kuja.

Mwenzake aliitwa Tausi Mgaya. Alikuwa karani wa mizani ya malori katika barabara kuu, na miaka sita nyuma alibisha hodi kwa Sikudhani akiwa na madaftari kumi na moja yaliyoandikwa kwa kalamu za rangi tofauti. Kila Jumapili kwa miaka mitatu walikaa pamoja. Sikudhani alimfundisha kuacha maneno ya kupamba, kuwaacha watu waongee, kumaliza sura kabla msomaji hajachoka. Riwaya ikatoka, ikashinda tuzo kubwa, na Tausi akahojiwa redioni. Mtangazaji alimuuliza ni nani aliyemfundisha kuandika. Tausi akafikiri kidogo, akajibu, "Maisha."

Sikudhani alilisikia jibu hilo akiwa anaosha vyombo. Alifungua kitabu akatazama ukurasa wa shukrani. Jina lake lilikuwamo, baada ya majirani na kabla ya fundi wa kompyuta, limeandikwa "Sikuzani." Tangu siku hiyo alimpongeza Tausi kila walipokutana, na kila pongezi ilimtoka kwa taabu.

Sasa, Pambizo.

Penye mpaka wa nchi hiyo pana milango miwili. Mpana umeandikwa WAHARIRI. Mwembamba, uliopakana na mapipa ya taka, umeandikwa WALETA. Afisa aliyewapokea aliitwa Bwana Ritifaa, mtu mwembamba, aliyepinda kidogo mabegani.

"Karibu sana, Mheshimiwa Sikudhani," alisema, akiinama. "Tumekusoma."

"Mmenisoma mimi?"

"Kitabu chako chote. Mke wangu amekisoma mara tatu." Kisha alimgeukia Tausi kwa upole, kama mtu anayemshukuru mpagazi. "Na wewe ndiye uliyeleta maneno. Pole kwa uzito, dada. Wewe utapita kule."

Tausi alicheka, akidhani ni mzaha. Alimtazama Sikudhani, akingoja naye acheke. Sikudhani alijua kwamba ilimpasa kusema neno. Akalitafuta neno hilo, na huku akilitafuta miguu yake ikapita mlango mpana.

Huko ndani alikuta nchi ambayo, kwa miaka kumi na tisa, alikuwa ameiota bila kujua kwamba ipo. Pambizo ni nchi ya wahariri. Mbao za maduka zote zimekatwa kwa mstari mwekundu na kuandikwa upya kwa juu, na hakuna anayeingia duka ambalo jina lake halijasahihishwa. Watu wakikutana asubuhi huulizana, "Umekosea wapi?" na jibu la adabu ni, "Hapa na pale, lakini nimeonywa." Kwenye maduka ya vitabu, jina la mhariri huchapwa kwenye jalada kwa herufi za dhahabu. Ndani, alama zake za kukata na kuongeza huchapwa kwa wino mwekundu uliokolea, na maneno yenyewe ya hadithi huwekwa nyuma yake kwa kijivu hafifu. Msomaji husoma wekundu. Kijivu akitaka hukisoma, asipotaka hukiacha.

Bwana Ritifaa aliwapeleka kwenye Chuo cha Makosa, fahari ya nchi. Ni hapo ambapo waleta, yaani wale ambao kwingineko huitwa waandishi, hufundishwa kukosea vizuri.

"Zamani tulipata shida," alieleza. "Waleta wengine walikuwa wakileta maneno yaliyonyooka. Mhariri anakaa na kalamu yake, hana la kufanya. Wawili walijiuzulu kwa huzuni. Ndipo serikali ikaona haja ya mtaala."

Alimwita mhitimu mmoja, binti mwenye miwani, aliyepata daraja la kwanza kwa kuchanganya *r* na *l*. Binti akasoma kwa sauti: "Balabala ndefu irielekea mirimani." Wageni waalikwa wakapiga makofi. Mhariri aliyekuwa karibu alifuta machozi na kusema kwamba hapo pana kazi ya asubuhi nzima.

Chakula cha mchana kiliandaliwa ukumbini. Sikudhani aliwekwa kwenye jukwaa, kiti cha katikati. Tausi alikuwa nyuma yake, kwenye benchi la waleta, amevishwa kitambulisho shingoni: MLETA WA PILI. Wa kwanza alikuwa mzee aliyesinzia. Wasomaji walipanga foleni mpaka nje wakitaka Sikudhani awasainie. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alimshika mkono na hakutaka kuuachia.

"Ukurasa wa sitini na nane," alisema, "ulipoondoa lile neno 'kwa huzuni.' Mheshimiwa, ulijuaje?"

"Huzuni ilikuwapo tayari," alijibu Sikudhani. "Haikuhitaji kutajwa."

Mwanamke akashika kifua. Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakanong'onezana jibu lile mpaka likafika nje. Na Sikudhani alikula wali wake akiona kila punje ina ladha. Miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumuuliza alijuaje.

Walipotoka, Tausi alimsogelea.

"Da Siku, mbona husemi kitu? Wananiita mleta. Wamenikataza hata kushika kalamu."

"Ni desturi za watu, mdogo wangu. Siku mbili tu."

"Kwa hiyo wewe unaona sawa."

"Sijasema sawa."

Tausi alikivuta kitambulisho chake shingoni. "Unajua ninavyojisikia? Natamani kukunyang'anya ile kalamu ya kusainia. Naona aibu kukuambia, lakini ndivyo."

Sikudhani alilijua jambo hilo kuliko Tausi alivyodhani. Angeweza kumwambia hivyo. Badala yake alimgusa bega na kusema watu wamechoka, wakapumzike.

Jioni hiyo Bwana Ritifaa alileta barua yenye mhuri. Kesho yake asubuhi Baraza la Majina lingekaa kukiandikisha kitabu rasmi katika nchi ya Pambizo. Sheria ya huko ni moja na fupi: kila kitabu kina jina moja tu, la yule ambaye bila yeye kisingekuwapo. Sikudhani angetakiwa kuapa kwamba yeye ndiye. Mbele ya Baraza ungewekwa mswada wa kwanza kabisa, wenye alama zake, ambao aliagizwa aje nao na ambao maafisa wa mpakani walikwisha kuuchukua na kupiga mhuri kila ukurasa.

Alifurahi, kisha akakumbuka ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, na furaha ikamtoka.

Ukurasa huo haukuwamo kwenye kitabu kilichopata tuzo. Ulikuwa ndani ya mswada tu. Jumapili ile alipousoma mara ya kwanza, Tausi akiwa jikoni anaangalia chai, Sikudhani aliweka kalamu chini. Alikuwa amehariri watu kwa miaka mingi akijiambia kwamba siku akipata nafasi naye ataandika hivyo. Ukurasa ule ulimwambia kwamba hataandika hivyo, si leo wala siku yoyote. Wivu wake haukuanzia redioni. Ulianzia hapo. Tausi aliporudi na vikombe, Sikudhani alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: *Futa wote. Unachelewesha hadithi.* Na Tausi, aliyemwamini kuliko alivyojiamini, alifuta.

Sikudhani alikwenda kwa Bwana Ritifaa kuomba mswada ili, alisema, aupange vizuri. Bwana Ritifaa alisikitika sana. Mswada ulikwisha kufungiwa kwenye kabati la Baraza.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Jaji Nuktapacha, mama mnene mwenye macho mawili makali, aliketi katikati ya wajumbe kumi na wanne. Kwanza walijadili, kama ilivyo ada, kitabu huanzia wapi. Kundi moja lilishikilia kwamba kitabu huanza pale alama ya kwanza ya mhariri inapowekwa. La pili lilisema hapana, huanza neno la kwanza linapofutwa. Walibishana saa nzima kwa heshima na hasira. Hakuna aliyesema kwamba kitabu huanza kinapoandikwa. Karani alimweleza Sikudhani kwa sauti ya chini kwamba miaka ya nyuma alikuwapo mjumbe mmoja mwenye maoni hayo, lakini alisahihishwa.

Kisha wakahesabu alama. Zilikuwa elfu nne mia moja na kumi na mbili. Ukumbi ukaguna kwa kuridhika.

"Baraza sasa linauliza," alisema Jaji Nuktapacha, "ni ipi kubwa kuliko zote?" Akaanza kupekua kurasa, akilowesha kidole. Sikudhani aliviangalia vidole vile. Vilipita mia na tisini. Vilipita mia mbili. Vikasimama.

"Hapa amefuta ukurasa mzima."

Watu walisogea mbele kwenye viti vyao. Kwa desturi, kilichofutwa kwa ukubwa huo husomwa kwa sauti ili ukumbi upime ujasiri wa aliyekifuta. Jaji alivaa miwani akasoma:

"'Kila Jumamosi mama alifua shati la baba. Baba alikuwa amekufa tangu Februari, na shati halikuwa limevaliwa na mtu. Mama alilifua, akalianika, akalipiga pasi, akalitundika. Jumamosi iliyofuata alilishusha, akalifua tena. Mwezi wa kumi na moja kola ikachanika kwa kufuliwa. Mama akaliinua shati kwenye mwanga, akasema, Mwanamume huyu, hata nguo hajui kutunza.'"

Jaji akaishusha karatasi. Mzee wa benchi la waleta, yule anayesinzia, alikuwa macho. Yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni alifunika uso kwa upande wa kanga yake, na wajumbe wawili walitazama dari. Kwa muda ukumbi mzima wa Pambizo ulisoma kijivu.

Halafu Jaji Nuktapacha alivuta pumzi, akapiga meza kwa kiganja.

"Na huyu aliufuta!" alisema, sauti ikimtetemeka. "Mnaona ukubwa huo? Mtu mdogo angefuta kibaya. Huyu alikuwa na ukurasa kama huu mkononi na akautupa! Mfutaji wa namna hii hatujapata."

Ukumbi ukasimama. Makofi yalitikisa madirisha. Karani alimletea Sikudhani kitabu cha majina, chenye jalada la ngozi, na kalamu yenye nibu ya dhahabu. Kilichobaki ni kiapo: *Bila mimi kisingekuwapo.* Maneno hayo alikuwa ameyasema kimoyomoyo kila siku kwa mwaka mzima, akipika, akifagia, akipanda kitandani. Sasa alipewa nafasi ya kuyasema mbele ya watu elfu moja waliokuwa tayari kuyaamini.

Aligeuka akamwona Tausi. Tausi hakuwa analia. Alikuwa amesimama katikati ya waleta waliokaa, na alizungumza bila kuomba ruhusa.

"Da Siku. Uliniambia unachelewesha hadithi."

"Mleta akae chini," alisema karani.

"Ulikuwa unachelewesha?"

Sikudhani aliiweka kalamu ya dhahabu juu ya meza.

"Hapana," alisema.

"Kwa nini basi?"

"Kwa sababu ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kuliko chochote nilichowahi kuandika, na nilijua sitaandika kinachoukaribia. Niliufuta kwa wivu, Tausi. Wewe ukiwa jikoni unanitengenezea chai."

Makofi yalikatika.

"Rudia," alisema Jaji Nuktapacha taratibu. "Karani hana neno la kuandika."

"Wivu," alisema Sikudhani. "Nilimwonea wivu. Namwonea hata sasa. Jana mchana nilipokuwa nakula hapo juu na yeye yuko nyuma yangu, nilifurahi. Bila mimi kitabu hiki kingekuwa kibaya zaidi, hilo naweza kuapa. Lakini kisingekuwapo? Kilikuwapo. Kilikuja kwangu kwenye madaftari kumi na moja."

Zogo likaanza. Wajumbe walisema kwa pamoja. Katika sheria za Pambizo, kwa maandishi yaliyopitiwa mara sabini, wivu ni hali ya waleta tu, ya mtu aliye chini akimtazama aliye juu. Mhariri hana wa kumwonea wivu. Walijadili jambo hilo nusu saa, na hitimisho lilikuwa safi: mhariri haoni wivu, mwanamke huyu ameona wivu, basi si mhariri. Na asiye mhariri ni nini? Ni mleta. Kitabu basi kimeletwa na waleta wawili na hakijahaririwa na mtu, kwa hiyo, kisheria, si kitabu. Jaji alikipiga mhuri wa kukataliwa. Nakala zote zilizokuwa madukani zikaamriwa zirudishwe, na yule mwanamke wa foleni alionekana akikifutika chake ndani ya mbeleko ya mtoto.

Bwana Ritifaa aliwasindikiza hadi mpakani. Hakumwangalia Sikudhani usoni. Wote wawili walitoka kwa mlango mwembamba, wakikanyaga maganda ya ndizi.

Nje, Tausi alisimama.

"Lile shati ni la kweli," alisema. "Ni mama yangu. Nilimwambia nimemwandika, akanunua gauni la kuvaa siku ya uzinduzi. Nilipomwambia ukurasa umefutwa, alisema labda maisha yake hayakuwa hadithi nzuri. Nikamwambia, hapana mama, ni kwamba unachelewesha. Nilimwambia hivyo, Da Siku. Kwa maneno yako."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Sijui. Nikisema nimekusamehe nitakuwa nadanganya." Tausi alinyoosha mkono. "Nipe karatasi zangu."

Sikudhani akampa mswada wote. Walirudi Morogoro.

Toleo la pili la riwaya lilitoka baada ya miezi minane, ukurasa wa shati ukiwamo. Sikudhani aliusoma akiwa amesimama dukani. Wivu ulimjia vilevile, haukupungua hata chembe, na alishangaa kwamba alikuwa ametegemea upungue. Alikinunua kitabu, akampelekea mama yake Tausi, akamweleza mlangoni alichokifanya. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho. "Umenipunja gauni," alisema. Kisha alimkaribisha ndani, lakini hakumpa chai.

Kazi iliendelea. Waandishi wengine walikuja na miswada yao, naye akaihariri. Kila alipotaka kufuta alijiuliza kwanza ni nani ndani yake anayetaka kufuta, na hilo lilimfanya awe mzito, na baadhi ya wateja wakamwacha.

Mwaka wa pili ulipoanza, bahasha nene ilifika. Ndani mlikuwa na mswada mpya, umechapwa vizuri, na barua fupi.

*Da Siku, shikamoo. Wahariri wawili wamekwisha kupita humu, na wote wamesema ni kizuri sana. Siwezi kufanya kazi na watu wanaosema ni kizuri sana. Wewe utaniambia ukweli, kwa sababu unaujua ubaya wako na mimi naujua. Kata kinachostahili kukatwa. Lakini popote utakapoona wivu, usifute. Andika hapo pembeni, nijue wapi nisiguse. Tausi.*

Sikudhani alisafisha meza ya chakula, akaketi. Sura ya kwanza ilikuwa na kurasa nne za mvua; alizikata zote bila kusita na moyo wake ulikuwa mweupe. Sura ya pili alimhamisha mjomba kutoka mwanzo hadi mwisho. Alifanya kazi vizuri, kwa raha, mpaka adhuhuri, akafika ukurasa wa thelathini na nane.

Alisoma mara moja. Akarudia. Akainuka, akatoka uani, akafagia mahali palipokwisha kufagiliwa, akasimama kidogo na ufagio mkononi. Kisha akarudi ndani, akachukua kalamu nyekundu, na pembeni mwa ukurasa, kwa herufi ndogo, akaandika: *Hapa.*

Akafungua ukurasa uliofuata, akausoma wote, akafumba macho.

*Na hapa*, akaandika. *Na hapa tena.*